Dalili za Sonona Husemwa kwa Lugha ya Jamii

Mgonjwa anayefika zahanati akieleza kuwa moyo unamwenda mbio, kichwa kinamuuma na usingizi umempotea, ni nadra kutamka kuwa ana huzuni. Atasema ana mawazo, na wengi hulichukulia neno hilo kuwa habari ya shida za maisha, si dalili. Hupimwa malaria na shinikizo la damu, hupewa dawa ya maumivu, kisha hurejea nyumbani na ugonjwa uleule.

Sonona na wasiwasi uliokithiri hupatikana katika jamii zote, lakini namna zinavyohisiwa na kuelezwa hutofautiana. Zimbabwe inatoa mfano ulio karibu. Kwa Kishona, ambamo kufunga ni kufikiri, watu huita hali hiyo kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Watafiti mjini Harare hawakulipuuza neno hilo. Dodoso lao la maswali 14, lililochapishwa mwaka 1997, lilitokana na maelezo ya wagonjwa wenyewe, likiuliza kuhusu kufikiri sana, usingizi na hata maumivu ya tumbo.

Dodoso hilo likawa nyenzo ya Benchi la Urafiki, huduma iliyoasisiwa na daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, ambamo wahudumu wa afya ya jamii, wengi wao akina bibi, huketi na mgonjwa kwenye benchi katika viwanja vya kliniki. Matokeo ya utafiti uliohusisha watu 573 katika kliniki 24, yaliyochapishwa mwaka 2016, yanastahili kuzingatiwa: baada ya miezi sita, wenye dalili za sonona walikuwa asilimia 13.7 ya waliopata huduma hiyo, ikilinganishwa na asilimia 49.9 ya waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa. Huduma ya mfano huo imefika pia Zanzibar.

Upande wa mwonekano wa mwili, utamaduni wenyewe hubadilika, na maradhi hubadilika nao. Nchini Fiji, mwili mnene ulihesabiwa ishara ya kutunzwa vyema na jamaa. Televisheni iliingia Nadroga mwaka 1995. Miaka mitatu baadaye, wasichana wa shule waliokiri kujitapisha ili wapungue walifikia asilimia 11.3, kutoka sifuri. Uchunguzi huo ulikuwa mdogo na haukufuatilia wasichana walewale, hivyo hauthibitishi kila kitu. Hata hivyo, kwa jamii ambamo "umenenepa" imekuwa pongezi na kukonda kumezua minong'ono, hasa enzi za janga la UKIMWI, si habari ya mbali. Picha zinazowafikia vijana leo kwa simu ni nyingi kuliko zile za televisheni ya Nadroga.

Mwananchi ambaye mawazo, kukosa usingizi au kukosa hamu ya chakula kumedumu zaidi ya wiki mbili anashauriwa kufika kituo cha afya kilicho karibu na kumweleza mhudumu mawazo hayo waziwazi, sambamba na maumivu ya mwili.