Mama Junko Tabei: Everest haikuwa kazi yake kubwa

Jina la Junko Tabei likitajwa, watu wanakumbuka tarehe 16 mwezi wa tano mwaka 1975, siku ambayo mama huyu wa Japani alikuwa mwanamke wa kwanza kufika juu ya Everest, mlima unaopita yote duniani kwa urefu. Sifa hiyo ni haki yake. Lakini wengi wanaishia hapo, na wanakosea.

Tabei alizaliwa mwaka 1939 katika jimbo la Fukushima. Alikuwa mfupi, kama mita moja na nusu. Mwaka 1969 alianzisha chama cha wanawake wapanda milima, maana wanaume wengine walikataa kupanda nao. Walipotafuta pesa za safari ya Everest, waliambiwa wabaki nyumbani kulea watoto. Yeye alikuwa na binti wa miaka mitatu. Alifundisha watu piano ili apate pesa, na vifuniko vya viti vya gari vikashonwa kuwa glovu. Bwana yake akabaki na mtoto. Jambo hilo la mwisho halisemwi sana, ingawa bila hilo labda safari isingekuwepo.

Siku 12 kabla ya kufika juu, theluji iliporomoka usiku ikafunika mahema yao. Tabei alizimia, Masherpa wakamvuta kutoka chini ya theluji. Akaendelea. Lakini mwenyewe alipenda kukumbukwa kama mtu wa 36 kufika Everest, si kama mwanamke wa kwanza.

Kazi inayofaa kusimuliwa zaidi kwa familia zilizohama ni ile ya uzeeni. Mwezi wa tatu mwaka 2011, tetemeko la ardhi na mawimbi ya bahari yalipiga mashariki mwa Japani, na kiwanda cha nyuklia cha Fukushima kikaharibika. Watu zaidi ya 100,000 walihama. Kuanzia mwaka 2012, Tabei alichukua wanafunzi wa sekondari wa maeneo hayo na kupanda nao mlima Fuji, mita 3,776.

Kuna watakaosema huo ni mchezo wa matajiri: aliyepoteza nyumba anataka chakula na paa. Ni kweli, hayo kwanza. Lakini kijana ambaye kwa miezi mingi anahesabiwa, anapangwa mstari na kupewa, naye anahitaji siku moja ya kufanya kitu kigumu kwa miguu yake mwenyewe. Misaada mingi inasahau hilo. Mama huyu hakusahau, labda kwa sababu waliohama walikuwa watu wa kwao.

Mwezi wa saba mwaka 2016, akiwa mgonjwa wa kansa, alitoka tena na vijana hao kwenda Fuji. Alifariki tarehe 20 mwezi wa kumi mwaka huohuo, akiwa na miaka 77. Safari za vijana ziliendelea, zikiongozwa na mtoto wake wa kiume.