Rangi, vihifadhi na "kemikali": mnunuzi wa Pangani aogope nini hasa?

Januari mwaka 2025, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilifuta ruhusa ya kutumia kwenye chakula rangi nyekundu iitwayo erithrosini, inayojulikana pia kama E127. Miezi mitatu baadaye, Aprili 22, serikali ya nchi hiyo ikatangaza mpango wa kuwataka watengenezaji waachane na rangi nyingine za chakula zitokanazo na mafuta ya petroli. Habari hizo hazikukawia kufika kwenye makundi ya WhatsApp huku kwetu, zikiwa zimekwishageuka onyo moja fupi: chochote chenye herufi E ni sumu, usinunue.

Onyo hilo lina ukweli ndani yake, lakini linamwelekeza mnunuzi mahali pasipo. Katika makala hii tunaeleza namba hizo ni nini, na kwa nini kwa mtu anayenunua dukani Pangani, iwe mjini, Mwera au Kipumbwi, jambo la kutilia shaka zaidi ni kile kisichoandikwa namba yoyote.

Namba inasema nini

Mwaka 1963, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula, FAO, na afya, WHO, yalianzisha tume ya viwango vya chakula, Codex Alimentarius. Tume hiyo ina orodha ya kimataifa ya vitu vinavyoongezwa kwenye chakula ili kukipa rangi, kukikoleza ladha au kukizuia kisiharibike. Kila kimoja kina namba yake. Ulaya huitanguliza kwa herufi E, na namba yenyewe kwa kawaida hubaki ileile.

Kwa hiyo E si jina la sumu. E300 ni vitamini C. E330 ni asidi iliyomo kwenye ndimu na limau. Lakini katika orodha hiyohiyo imo E102, tartrazini, rangi ya manjano ya kiwandani. Imo E211, kihifadhi cha soda na juisi nyingi. Na imo E621, kikoleza ladha kilichomo kwenye viungo vingi vya mchuzi vya pakiti. Namba inakuambia kwamba kitu hicho kinajulikana na kimepitiwa na wataalamu. Haikuambii kwamba ule bila kikomo.

Hapo ndipo penye mjadala wa kweli. Mwaka 2007, watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya kwa watoto wa miaka 3 na wale wa miaka 8 hadi 9. Waliopewa mchanganyiko wa rangi za kiwandani pamoja na kihifadhi E211 walionyesha, kwa wastani, utundu na kutotulia zaidi. Athari hiyo ilikuwa ndogo na haikumpata kila mtoto, lakini tangu Julai 2010 Umoja wa Ulaya unataka chakula chenye mojawapo ya rangi sita, tartrazini ikiwemo, kiwe na onyo kuhusu watoto. Kwa upande wa erithrosini, FDA ilieleza kwamba saratani ilionekana kwa panya dume waliopewa kiasi kikubwa, kwa njia ambayo haitokei kwa binadamu. Hata hivyo sheria ya Marekani ya mwaka 1960 hairuhusu rangi iliyoleta saratani kwa mnyama yeyote.

Kiasi ndicho kiini cha suala, na kiasi hupimwa kwa uzito wa mwili. Tuchukue aspatami, E951, utamu wa kiwandani unaotumika kwenye vinywaji vingi visivyo na sukari na baadhi ya juisi za unga. Wataalamu wa FAO na WHO waliipitia tena mwaka 2023 na kubakisha kikomo cha miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mtu mzima wa kilo 60 ana nafasi ya miligramu 2,400. Mtoto wa kilo 15 ana 600 tu. Na mtoto ndiye anayekunywa juisi ya pakiti, akalamba barafu ya rangi, na kumalizia na ubuyu, yote ndani ya siku moja ya shule.

Tunaonunua kwa kupima

Tangu Julai 1, 2019, usimamizi wa usalama wa chakula nchini umehama kutoka iliyokuwa TFDA kwenda Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Chakula kilichofungashwa kinatakiwa kuonyesha viambato vyake, na kanuni ya kawaida ya lebo ni kwamba kiambato kilicho kingi zaidi hutajwa kwanza. Huo ni ulinzi mzuri kwa anayenunua pakiti nzima.

Wengi wetu hatununui hivyo. Tunanunua mafuta ya kupima, pilipili ya kusaga iliyofungwa kwenye kijipakiti cha nailoni, achari ya kwenye ndoo, ubuyu usio na jina la mtengenezaji. Lebo ilibaki kwenye dumu au kwenye gunia, au haikuwahi kuwepo. Mwenye kipato kidogo, anayenunua kidogo kidogo kila siku, ndiye lebo isiyemfikia.

Mfano ulio karibu nasi ni rangi. Pwani yetu inasuka mikeka, na ukili hutiwa rangi za unga zinazochemshwa. Rangi ya biriani na ya ubuyu nayo ni unga. Zikishapimwa na kufungwa kwenye kikaratasi, nyekundu ya chakula na nyekundu ya ukili hazitofautiki kwa macho. Hatusemi kwamba kuna anayezichanganya. Tunasema kwamba mnunuzi hana njia ya kujua.

Kwamba hatari hii ipo, dunia imeshaiona. Mwaka 2005 Uingereza iliondoa madukani mamia ya bidhaa baada ya pilipili ya unga iliyotumika kuzitengeneza kukutwa na Sudan I, rangi ya viwandani isiyoruhusiwa kwenye chakula kwa kuhofiwa kuleta saratani. Karibu zaidi, mwaka 2019, uchunguzi wa televisheni ya NTV nchini Kenya ulidai kwamba baadhi ya maduka makubwa yaliitia nyama metabisulfiti ya sodiamu, E223, ili ibaki nyekundu hata ikiwa imechakaa. Kemikali hiyohiyo inaruhusiwa kwa kipimo maalumu kwenye kamba wabichi, wasiwe weusi. Ikitiwa kwa kukisia inaweza kumdhuru mwenye pumu, na inaficha uchakavu ambao pua na macho vingeutambua.

"Asili" peke yake si kinga

Kuna kosa la upande wa pili: kudhani kwamba kisichoongezwa kitu ni salama. Mwaka 2016, watu 20 walifariki katika mikoa ya kati, Dodoma na Manyara, kwa sumukuvu. Sumu hiyo haikutoka kiwandani. Ilitengenezwa na ukungu kwenye mahindi yaliyohifadhiwa vibaya majumbani.

Vilevile si kila kinachoongezwa ni cha kukimbia. Tangu miaka ya 1990 sheria inataka chumvi ya kula itiwe madini joto, ili kuzuia rovu na kulinda akili ya mtoto aliye tumboni. Anayechota chumvi ghafi moja kwa moja kwenye mashamba ya chumvi kwa kuwa "haina kemikali" anaikosesha familia yake kinga hiyo. Kanuni za mwaka 2011 nazo zilielekeza unga wa viwandani na mafuta ya kula viongezwe virutubisho.

Kinachowezekana

Pangani ina nafasi ambayo miji mingi imeipoteza. Nazi, samaki, ndimu, ukwaju na mboga vinapatikana karibu. Tui la boksi mara nyingi hutiwa vitu vya kulizuia lisijitenge na lisiharibike. Nazi iliyokunwa kwenye mbuzi na kuchujwa kwa kifumbu haivihitaji, kwa sababu italiwa leo. Vihifadhi vingi ni gharama ya umbali na muda. Ukinunua kilichotoka jirani na ukakila mapema, umeshavikwepa vingi bila kusoma namba hata moja. Tunajua pia kwamba kukuna nazi kunataka muda, na muda huo kwa kawaida ni wa mwanamke. Anayefungua boksi siku moja moja hajaiua familia yake.

Kwa vya dukani, yaanze haya: tazama viambato vitatu vya mwanzo, kama ni sukari, maji na rangi, hicho si chakula cha kila siku cha mtoto. Rangi ya chakula inunuliwe kwenye kichupa au pakiti yake yenye jina na tarehe, au iachwe. Manjano na binzari zilikuwepo kabla yake. Pilipili nunua nzima, ukasagishe. Rangi inayong'aa kupita kiasi na kubaki kwenye ulimi kutwa nzima ni sababu ya kuuliza.

Lakini kumwachia mnunuzi peke yake si haki. Mama anayepika ubuyu wa kuuza naye hununua rangi kwa kupima, na hana maabara. TBS ina utaratibu wa kuwahudumia wajasiriamali wadogo wanaopitia SIDO bila ada katika miaka ya mwanzo. Utaratibu huo ufike Pangani, usiishie kwenye maonesho ya mikoani. Maafisa afya wa halmashauri nao wana mamlaka ya kuingia dukani na kuuliza rangi hii imetoka kwenye mfuko gani. Swali hilo likiulizwa kwa muuza jumla, watoto wengi watakuwa wamekingwa kabla ya kufika kwenye kibanda cha nje ya shule.