Akaaye Karibu na Kitanda

Mzazi mmoja wa hapa Katumba alitujia baada ya swala ya Alasiri. Binti yake ataka kusomea uuguzi, naye baba aona ni kupoteza wakati. "Maalim," alituuliza, "kugawa vidonge na kufunga vidonda nako kwahitaji miaka mitatu?" Hatukumlaumu, kwani wengi hudhani hivyo. Tulimjibu, na jibu lenyewe twaliandika hapa ili na wengine walisome.

Katika chumba cha wagonjwa mahututi, kando ya kitanda, huwapo kioo chenye mstari wa nuru upandao na kushuka kwa kila pigo la moyo. Kifaa cha kuyaandika mapigo hayo barabara kilibuniwa na Willem Einthoven wa Uholanzi, akapewa tuzo ya Nobeli mwaka 1924. Daktari huja akautazama mstari, kisha huenda kwa wagonjwa wengine. Muuguzi ndiye akeshaye nao.

Basi moyo huharibikiwa na mwendo wake kwa namna nyingi. Mara vyumba vyake vya chini hutetemeka ovyo, damu isisukumwe. Hapo yapasa kifua kikandamizwe na umeme upigwe upesi, kwani kila dakika ipitayo bila ya umeme tumaini hupungua yapata sehemu moja katika kumi. Mara mstari hulala kabisa. Hapo umeme haufai kitu, ingawa sinema hutuonyesha kinyume, bali hukandamizwa kifua na kutiwa dawa ya adrenalini. Na mara nyingine ni waya tu uliobanduka kifuani, mgonjwa mwenyewe yu macho aomba maji! Muuguzi mjuzi humtazama mtu kwanza, kisha kioo. Ndiyo maana tangu miaka ya 1960 hospitali za Marekani zilianza kuwafundisha wauguzi kuusoma mstari huo na kupiga umeme wenyewe, bila ya kumngoja daktari.

Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iko Dar es Salaam, nasi tuko Katavi; treni ya Mpanda yapita Kaliua na Tabora kwanza. Moyo uliopotewa na mwendo haungoji safari hiyo. Humtegemea yule aliye karibu, awe ajua au hajui.

Mzazi yule alinyamaza kitambo, akauliza ada ni kiasi gani. Binti ameshachukua fomu. Hesabu zake si nzuri sana, nasi tumemwambia aanze nazo sasa hivi, kwani dawa za moyo hupimwa kwa hesabu.