Aliyeacha Pombe Tusimrudishe Kilabuni



Hii ni wiki ya tatu mwenzetu mmoja hajagusa mbege wala gongo. Jina hatuliandiki, ingawa kila aletaye kahawa hapa mzanini anamjua. Tunaandika habari zetu sisi, maana tuliyoyaona Jumamosi hapa ghalani hayakutupendeza hata kidogo. Alipopita na gunia lake vijana wakaanza, "Mzee wa soda huyo!" Mmoja akamfuata na kata mkononi, eti aonje tu, pombe ya sherehe haihesabiwi. Jamani!

Mila tunaijua. Hapa kwetu Kilimanjaro mbege ndiyo inayopeleka posa, ndiyo inayomaliza ugomvi wa mpaka wa kihamba. Kukataa kata ya mzee ni kama kumkataa mzee mwenyewe. Lakini nani kasema heshima inakaa kwenye kileo? Mgeni akipewa togwa ya ulezi ya leo leo amekwisha kukaribishwa. Tunasema ya leo leo, kwa kuwa togwa iliyolala siku mbili tatu mnaijua wenyewe.

Wako wanaosema kuacha ni kujikaza tu. Hapo tunakosea sana. Mwili uliozoea pombe kila siku kwa miaka, ukinyimwa ghafla hugoma. Tangu muda wa saa 6 hadi 24 baada ya kikombe cha mwisho mikono hutetemeka, jasho hutoka, usingizi hukimbia. Wengine huanguka degedege katika siku 2 za kwanza. Wengine, kati ya siku ya 2 na ya 4, huweweseka na kuona wadudu ukutani ambao hawapo. Huyo hakurogwa, wala msimfunge kamba. Apelekwe kituo cha afya upesi, hali hiyo huua, na dawa zake zipo. Kwa hiyo anayeamka na pombe kila asubuhi asiache peke yake chumbani. Aanze kwa mganga wa zahanati na amwambie ukweli wa kiasi anachokunywa.

Siku hizo zikipita hubaki hamu. Hiyo huja kama mafuriko ya mfereji, hupanda halafu hushuka, mara nyingi kabla ya nusu saa, kama mtu ana la kufanya. Mwenzetu ametuambia kwamba saa kumi na moja jioni, ule wakati wa kilabu, yeye huenda kukata majani ya ng'ombe. (Ng'ombe wake sasa ndiye mnene kuliko wote kijijini.) Hula mapema, maana njaa huita pombe, na hurudi kwa njia ya juu asipite kilabuni.

Kazi iko siku ya malipo. Pesa ikiingia kwenye simu, kilabuni wanajua kabla ya mkewe. Yeye mwenyewe ameomba malipo yake yapitie kwa mama watoto hadi msimu ujao, na kwenye kamati wako waliocheka. Sisi hatuoni cha kuchekesha. Mtu anayejua shimo liliko akaomba ashikwe mkono, huyo ana akili.

Kule Akron, Marekani, mwaka 1935 watu wawili walioteswa na pombe walianza kukaa pamoja na kuzungumza ili wasinywe. Ndicho chanzo cha Alcoholics Anonymous, ambacho leo kiko nchi nyingi. Walianza wawili tu! Na sisi wenye ushirika tunashindwa?

Akiteleza siku moja msishangilie, wala msiseme tulijua. Mwendeeni asubuhi yake, kabla aibu haijamrudisha tena.

Tunaomba mkutano ujao uamue mambo mawili: pombe isinywewe tena uani mwa ghala siku ya mzani, na wapatikane wawili wa kukaa naye kwenye matanga na harusi. Mwenye ulezi wa kutoa kwa togwa ya mkutano amwone karani kabla ya Ijumaa.

Kamati ya Gazeti la Ukutani