Mwenye Nguvu Apishwe kwa Lipi?

Mwenye nguvu mpishe, husema methali, na hapana baraza la mwambao ambalo halijapata kuisikia. Aliyeitoa mwanzo alikuwa akimwonya mnyonge. Hakuwa akimsifu mbabe. Alisema njia iachwe wazi ili mtu asiumie, wala hakusema kwamba njia ni haki ya mwenye nguvu. Lakini maneno huchakaa kwa kutumiwa, na methali hii imechakaa hadi imegeuka sifa. Mwenye nguvu hupishwa, kisha hupigiwa makofi, na hapana anayeuliza nguvu yenyewe ni ya nini, imepimwa kwa mizani gani, na gharama ya kipimo hicho imelipwa na nani.

Katika Tanzania nzima, watu waliobebeshwa sifa hiyo kuliko wengine ni Wakurya wa Tarime na Serengeti, mkoani Mara. Mwigizaji wa vichekesho akitaka mtu wa kutisha, humpa lafudhi ya Kikurya. Barazani, jina la Tarime likitajwa, anayefuata kusema hutaja panga. Mkurya katika fikra hizo ni askari, ni mlinzi wa mlangoni, ni kifua na mkono. Kichwa chake hakitajwi. Wengi wa wasemao hivyo hawajapata kuiona Mara, na hudhani kwamba wanamsifu.

Fikra hiyo haikuota yenyewe. Waingereza walipokuwa wakiandikisha askari wa Keya, walizigawa jamii za Afrika Mashariki mafungu mafungu: hawa wanafaa kwa vita, hawa kwa shamba, hawa kwa kalamu. Wakurya wa pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Tanganyika waliwekwa katika fungu la vita, na vijana wao wengi wakavishwa sare. Mkoloni alikwenda zake, fungu likabaki. Jambo la kusikitisha ni kwamba walioendelea kulitunza ni pamoja na watu wa kalamu, ambao ndio waliopaswa kulikagua mwanzo.

Kwani wangelikagua wangekuta nini? Wangelikuta litungu, ala ya nyuzi nane iliyochongwa katika mti na kuwambwa ngozi, yenye sauti nzito ambayo mtu huihisi kifuani kabla ya kuisikia vyema masikioni. Wangelikuta iritongo, baraza la watu wote ambamo ugomvi hukatwa kwa maneno. Katika wilaya ya Serengeti wangeliwakuta Waikoma, jirani wa Wakurya, ambao urithi wao mkubwa ni pembe za ndovu ziitwazo Machaba, zinazohesabiwa kuwa kinga ya watu wote. Hizo ni jamii zinazojua kwamba nguvu isiyokuwa na neno la kuiongoza ni balaa. Nazo zimelijua hilo kwa uchungu, maana Tarime imeshuhudia mapigano ya koo na koo, na wizi wa mifugo ambao, baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, uliingiwa na bunduki mahali pa mishale.

Basi na waulizwe wapendao nguvu: shindano la nguvu hasa ni kitu gani?

Duniani yako mashindano ya namna hiyo yanayojulikana kila mahali. Mashindano ya kumtafuta mtu mwenye nguvu kuliko wote duniani yalianza mwaka 1977 huko California, Marekani, na mwaka 2001 yalifanyika hapa Afrika, nchini Zambia, kwenye Maporomoko ya Viktoria. Wanaume huburuta magari, hunyanyua mawe ya duara, huinua gogo hadi juu ya kichwa. Mwaka 2021, mjini Glasgow, Cheick Sanou wa Burkina Faso aliinua gogo la kilo 229, uzito ambao hakuna mtu aliyekuwa amepata kuuinua kwa namna hiyo kabla yake. Mtu wa mashairi anaweza kuyaona mambo haya kuwa ni upuuzi. Lakini kabla ya kucheka, na azitazame sheria zake, maana ndani yake mna uadilifu ambao si haba.

Sheria ya kwanza ni kwamba mshindani ameingia mwenyewe, naye ni mtu mzima. Ya pili, uzito unajulikana: kilo 229 ni kilo 229 kwa kila anayezijaribu, na mwamuzi amesimama kando. Ya tatu, ambayo ndiyo kubwa, mshindani ana ruhusa ya kuutua mzigo. Akiona mgongo unakataa, huliachia gogo likaanguka, naye huondoka na heshima yake, na mwakani hurudi. Shindano lililokosa moja ya sheria hizi tatu limekwisha kuwa mateso, hata likipigiwa ngoma.

Visiwani hapa jambo hili halihitaji mwalimu wa kutoka mbali. Makunduchi, siku ya Mwaka Kogwa, wanaume hupigana kwa magomba, na wanawake huimba. Anayeingia kiwanjani ameingia kwa miguu yake, anayetoka hatafutwi, na kinyongo kilichokuja na mtu asubuhi hakitakiwi kurudi naye nyumbani. Ngumi nazo zilipigwa marufuku Zanzibar mwaka 1964, na marufuku hiyo ilidumu kwa karibu miaka sitini kabla ya kuondolewa. Yuko aliyeona marufuku ile ni ya haki na yuko aliyeona ni ya kupita kiasi. Lakini kwa muda wote huo visiwa hivi viliishi na swali kwamba shindano la nguvu si lazima liruhusiwe kwa sababu tu watazamaji wapo.

Sasa swali hilo na lipelekwe Tarime na Serengeti, katika mwezi wa Disemba.

Huko, shule zikifungwa na wazee wa mila wa ukoo wakitangaza kwamba msimu umefika, huanza esaro, jando la Wakurya. Kijana husimama mbele ya kisu, na watu hutazama uso wake. Hatakiwi kupepesa jicho wala kutoa sauti. Akistahimili, husindikizwa nyumbani kwa nyimbo, na huingia katika rika lake akiwa mtu. Akilia, aibu si yake peke yake. Tohara ya wanaume yenyewe haina mgogoro na mtu wa pwani. Mgogoro uko katika kuugeuza uso wa mtoto kuwa kiwanja cha mashindano. Mtoto hakujiandikisha, uzito hakuambiwa, na kuutua hana ruhusa.

Na kama mambo yangekomea kwa wavulana, makala hii ingekuwa fupi. Wasichana nao husimamishwa. Wao pia hutazamwa usoni, wao pia huambiwa kwamba kunyamaza ni ushujaa, wakati kinachokatwa hakitarudi, na damu inayotoka pengine haisimami. Nyuma ya ngariba amesimama baba ambaye amekwisha kuwahesabu ng'ombe wa mahari, na nyuma ya baba umesimama ukoo mzima. Huo ni mzigo usio na mwamuzi kando yake. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta kwamba katika mkoa wa Mara wanawake 28 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, wakati kwa nchi nzima walikuwa 8. Sheria ipo: tangu mwaka 1998, kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 ni jinai, na adhabu yake ni kifungo cha miaka mitano hadi kumi na mitano, au faini, au vyote viwili. Lakini sheria hiyo ilimwacha nje aliyetimiza miaka 18, kana kwamba usiku wa kuamkia siku ya kuzaliwa kwake mwili wake ulihama kwake ukawa mali ya wengine.

Hapa ndipo penye jibu la swali la nani mwenye nguvu katika wilaya hizo mbili.

Msichana wa miaka kumi na miwili husikia mipango ikipangwa jikoni. Hana fedha. Simu si yake. Anajua kwamba akiondoka, mama yake ndiye atakayeulizwa, na huenda akapigwa. Usiku huondoka. Hutembea kwa mguu kuelekea Masanga, wilayani Tarime, au kuelekea Mugumu, makao makuu ya wilaya ya Serengeti, ambako nyumba ya hifadhi ilifunguliwa mwaka 2014. Mugumu aliyesimamia kazi hiyo ni Rhobi Samwelly, mwanamke wa Mara ambaye mwenyewe alikeketwa akiwa mtoto, akapoteza damu hata akakaribia kufa. Wasichana waliofika katika nyumba hizo, mwaka baada ya mwaka, wamekuwa mamia. Msimu ukipita, wazazi huitwa wakazungumza. Wako wanaoahidi na kutia saini, na binti hurudi. Wako wanaokataa, na binti hubaki akasoma huko huko.

Na apimwe basi kwa mizani zilezile za gogo. Msichana huyo ameingia mwenyewe, hata kama ni kwa kulazimika. Uzito anaujua: ni baba, ni mama, ni ukoo, ni ng'ombe, ni jina baya ambalo huenda likamfuata hadi uzeeni. Na ruhusa ya kuutua anayo, kwa kugeuza njia na kurudi nyumbani kabla hakujacha. Harudi. Kama hiyo si nguvu, basi neno nguvu lifutwe katika kamusi. Lakini hapana kichekesho kilichomtaja, na lafudhi yake haijaigizwa na mtu. Watu wakisema Wakurya wana nguvu, yeye hawamhesabu, ingawa ndiye ambaye maneno yao yangemfaa.

Watakuja wenye kusema kwamba mila ya watu haiingiliwi na mgeni, na kwamba mtu wa kisiwani aangalie ya kisiwani. Hoja hii ina heshima yake na inastahili jibu. Jibu ni kwamba waliosimama hawakuwa wageni. Rhobi Samwelly si mgeni, na msichana anayetoroka kwao usiku si mgeni. Yeye ni Mkurya, au Mngoreme, anayebishana na wenzake juu ya maana ya ushujaa, kama wazee wanavyobishana katika iritongo. Anayesema mila iachwe amekwisha kuchagua upande katika ubishi huo wa ndani, ila amechagua upande wa wenye sauti kubwa.

Wako pia watakaoichukua habari hii kuwa ushahidi kwamba Wakurya ni watu wakali, kama ilivyosemwa siku zote. Hao hawakusoma. Ukali huo huo unaosifiwa na kuchekwa barazani ndio unaomwambia kijana wa Tarime kwamba hana thamani nyingine ila kustahimili na kutisha. Anayelicheka panga la Mkurya na ngariba anayemwambia mtoto asilie wanafundisha somo moja: mwili ni wa kuvumilia, na kinywa ni cha kufungwa.

Washairi wa mwambao wana deni la pekee katika jambo hili, kwa kuwa wao ndio wenye Liyongo. Utendi wake ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913 unajulikana na kila mpenzi wa tungo, na ukitajwa leo, kinachokumbukwa ni kimo, kifua na upinde. Liyongo amefanywa bingwa wa kunyanyua magogo. Lakini kisa chenyewe kinasema jambo jingine. Alipofungwa minyororo, nguvu zake zote hazikumfaa. Kilichomfungua ni wimbo uliobeba ujumbe, na mama aliyeuelewa akaficha tupa ndani ya mkate wa wishwa, na kijakazi Saada aliyepita mbele ya walinzi mara kwa mara akijua kwamba akigunduliwa hatasamehewa. Walinzi walikuwa wanaume wenye silaha. Aliyewashinda ni msichana mwenye kikapu. Vizazi vya washairi vimemwimba Liyongo, na Saada amebaki mtu wa kupeleka chakula.

Kosa la barazani kuhusu Tarime, basi, lilianza nyumbani, katika namna ya kuusoma utendi wa nyumbani. Anayemsoma Liyongo bila Saada ataitazama Mara yote na kuona misuli tu. Ataona askari na mlinzi, na hataona mtoto anayetembea gizani na viatu mkononi ili asisikike.

Lisitungwe basi shairi jingine la kumsifu Mkurya kwa ukali wake, yametosha. Na anayetaka kutunga juu ya nguvu, kabla ya kutafuta vina, na ajiulize maswali matatu ya kiwanjani. Ameingia mwenyewe? Uzito alijulishwa? Ana ruhusa ya kuutua? Mwenye nguvu apishwe, ndiyo, kama methali isemavyo. Na mwezi wa Disemba, katika njia ya Masanga na ya Mugumu, yuko anayehitaji kupishwa, na mlango ufunguliwe afikapo.