Mpira na Kwata

Wengi wetu twaukumbuka uwanja wa Kenyatta, Machakos, kwa siku ya 17 Disemba 2017, Zanzibar ilipotoka sare ya 2-2 na Kenya katika fainali ya CECAFA, kisha ikashindwa kwa penalti. Wiki hii mji huo umetujia kwa jambo jingine. Mama mmoja wa huko ana mwana mchezaji wa timu ya mtaa, naye ameitwa jeshini. Atuuliza: je, ataweza kuendelea na mpira?

Akiwa kuruta, hataweza. Kuruta wa Eldoret hana Jumamosi yake mwenyewe. Muda wake wote ni wa wakufunzi. Basi na awaage wenzake kwa adabu, arudishe na jezi. Akishahitimu, jeshi lina Ulinzi Stars, mabingwa wa ligi mwaka 2003, 2004, 2005 na 2010. Unguja nako, KMKM na JKU ni timu za vikosi. Ila huchaguliwa wachache, tusimghuri kijana.

Lililotushughulisha zaidi ni mstari wa mwisho wa barua, kwamba goti lake liliumia uwanjani naye akalificha mbele ya daktari wa usajili. Mama, usimsitirie hili. Mbio na mzigo mgongoni vitalifichua, na huenda likawa limekwisha haribika. Aende hospitali kabla ya kuripoti, aseme kweli, ijapokuwa nafasi yaweza kumponyoka. Mfuate wewe mwenyewe, kisha utuandikie.