Daftari la Wiki: Mshairi Aliyezaliwa Mwaka Mpya

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909, Vibambani, kusini ya Tanga. Siku hiyo kila mtu ana shughuli zake: waliokesha kanisani wanalala, wengine wanachinja mbuzi, na mshairi hapati hata kiti. Mwaka huu nilialikwa Litein, kwa mwalimu mstaafu aliyefundisha Kiswahili katika shule za Kericho na Bomet, na kwake kiti cha mshairi huwekwa kila mwaka. Nyama ikishaliwa na maziwa ya mursik yakishanyweka, wajukuu huitwa sebuleni, televisheni huzimwa, na kila mmoja husoma kwa sauti ukurasa wa Kusadikika, kitabu cha mshairi huyo.

Nakala yenyewe imechakaa, mgongo umeshikwa kwa gundi ya viatu. Mvulana wa kidato cha pili alipofika pale Karama anaposimama mbele ya mfalme kujitetea, bibi yake akamkatiza.

“Kwani huyo alishtakiwa kwa kosa gani?”

“Kufundisha watu sheria, gogo.”

“Na wakamwachilia?”

“Bado sijafika huko.”

“Basi soma, unangoja nini?”

Akasoma, na wale waliokuwa wameshika simu wakaziweka chini.

Ninakipenda kitabu hiki zaidi nikikumbuka kilichapishwa mwaka 1951, na mwandishi wake alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni. Alianza kazi ya ukarani forodhani mwaka 1926 akakaa huko hadi 1944, kisha akahamia idara ya wanyama, ofisi ya wilaya Tanga na idara ya upimaji ardhi. Mtu wa cheo hicho kuandika habari za nchi inayomfikisha mtu mahakamani kwa kuwaelimisha raia kuhusu sheria, huo ni ujasiri mkubwa. Alifariki tarehe 20 Juni 1962, Tanganyika ikiwa na miezi sita tu ya uhuru. Kufikirika kilitoka mwaka 1967, Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote mwaka 1968, yeye akiwa kaburini Machui. Mtu huyu anastahili nyumba ambayo mtoto wa Litein anaweza kupelekwa na shule yake, aione meza ya karani aliyeandika vitabu hivyo baada ya saa za kazi.

*

Tarehe 25 Januari Waskoti watamkumbuka Robert Burns. Sisi wa Kericho Waskoti tunawajua: James Finlay, kampuni ya Glasgow, ililima chai hapa tangu miaka ya 1920, kwenye ardhi ambayo wazee wengi wa Kipsigis wanakumbuka walivyofukuzwa. Hayo hayafutiki. Hata hivyo, namna wanavyomtunza mshairi wao nawaonea wivu.

Burns alizaliwa mwaka 1759 kijijini Alloway, katika nyumba ya udongo iliyojengwa na baba yake. Leo ni makumbusho. Lakini Julai 1801, miaka mitano baada ya kifo chake, rafiki zake tisa walipokutana humo kula na kumkumbuka, nyumba ile ilikuwa kilabu cha pombe. Ilinunuliwa ili itunzwe mwaka 1881. Kwa hiyo watu walitangulia, na makumbusho yakafuata miaka 80 baadaye. Hata tarehe waliikosea: chama cha Greenock kilisherehekea siku yake tarehe 29 Januari 1802, hadi daftari la parokia lilipowaonyesha mwaka uliofuata kwamba alizaliwa tarehe 25.

Kwetu tunaanza na jengo. Kuna kamati, jiwe la msingi, utepe na mkasi, halafu mlango unapigwa kufuli kwa kuwa hakuna aliyekuwa na sababu ya kuingia.

*

Jua la Januari limepunguza majani, na foleni ya kituo cha kununulia chai ni fupi. Kwenye shamba kubwa nililopita, mashine za kuchuma chai zilikuwa zinanguruma. Tumebishana sana, na kwa haki, kuhusu ajira zinazochukuliwa na mashine hizo. Naongeza jambo moja: wanawake waliokuwa wakichuma bega kwa bega waliimba, na waliokuwa wakitunga papo hapo walijulikana kwa majina. Juu ya injini ya petroli hakuna wa kumpokea mwenzake wimbo.

*

Nikiwafikiria waimbaji hao ndipo ninapoikumbuka Kapkatet. Mwaka 1950 mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey alifika huko na mitambo yake ya kurekodi, na wasichana wa Kipsigis wakiongozwa na Chemutoi Ketienya wakamwimbia wimbo wa Chemirocha kwa kinubi. Chemirocha ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika huku. Wasichana walimsikia mtu asiyeonekana, wakamfanya kiumbe nusu mtu, nusu swala, wakamtungia wimbo wa kumwita aje acheze. Kwangu huo ni ushairi kamili. Mwaka 2014 maktaba ya muziki iliyoanzishwa na Tracey, ambayo iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, ilishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi kuzirudisha rekodi zile kwa wenyewe. Walimkuta mzee mmoja aliyeimba mbele ya Tracey akiwa kijana, naye wakati huo alikuwa bado hai.

Rodgers ana makumbusho yake mjini Meridian, Mississippi. Chemutoi naye apewe siku. Napendekeza tarehe 8 Septemba, siku aliyozaliwa Rodgers mwaka 1897, kwa sababu muhula wa tatu huwa umeanza na shule zinaweza kuleta watoto. Wa Greenock walikosea tarehe na bado wakafika mbali. Hatuhitaji jengo mwaka huu. Nyumba yoyote ya zamani pale Kapkatet itatosha, yenye umeme wa kuchezesha rekodi na viti vya mbele kwa kina gogo. Isikilizwe rekodi kwanza, kisha wanaoujua wimbo wauimbe wenyewe, na wasichana wa shule waufunzwe siku hiyo hiyo. Walimu wa Bureti, Sotik na Bomet walio tayari kuandaa nami, niandikieni kabla shule hazijafungwa Aprili.